Nani Anahesabu Saa?

Kuna msemo unanikera kuliko misemo yote ya mjini. Utausikia Makoroboi, utausikia Mwaloni Kirumba, utausikia ndani ya daladala ya Igoma kabla haijafika Mabatini: eti kisukari ni ugonjwa wa wakubwa. Ugonjwa wa wenye vitambi na magari, wanaokula kuku katikati ya wiki. Mlalahoi wa Igogo anayeshindia ugali wa udaga kwa dagaa ataupatia wapi? Hata jina lenyewe tumelichezea. Kisukari ni ile ndizi fupi tamu tunayonunua kwa akina mama wa stendi, basi mtu akisikia jirani yake ana kisukari anatabasamu, anadhani jirani kapandishwa cheo.

Ndugu msomaji, tuuvunje kwanza uongo huo, halafu twende wodini, maana ugomvi wangu hasa uko wodini.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza, ambapo wagonjwa wa kifua kikuu wa mjini kwetu walipimwa sukari. Katika kila wagonjwa 100 wa TB, karibu 17 walikuwa na kisukari. Kwa watu wasio na TB waliolinganishwa nao, walikuwa 9 hivi. Sasa niambieni, tangu lini TB ikawa ugonjwa wa wenye magari? TB inapenda chumba kimoja cha watu sita na dirisha la kuzibwa kwa gunia. Na kama TB na kisukari vinalala kitanda kimoja, basi huo "ukubwa" wa kisukari umebaki midomoni mwetu tu.

Tukitazama nchi nzima, mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walitoa katika jarida la Lancet hesabu zao za vijijini Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta 9 katika kila 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizi mbili hazikupimwa mahali pamoja wala kwa njia moja, kwa hiyo usiziweke kwenye mzani mmoja kama sato na sangara. Lakini hata ukizipunguza nusu kwa ukarimu, bado utaona ugonjwa umeshuka mlimani na sasa unatembea nasi barabarani.

Haya, twende wodini.

Chukua kijana wa miaka 19, mpiga debe wa stendi ya Buzuruga. Wiki mbili anakunywa maji kama mchanga, usiku anaamka kukojoa mara sita, suruali inamvuka. Washikaji wananong'ona kuwa ana ngoma. Mama anasema mwanangu karogwa, kuna mtu hakupenda apate kazi. Duka la dawa wanampa dawa ya malaria. Siku ya kumi na tano anatapika, tumbo linamkata, anahema kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima wa Bugando mbio na gunia kichwani, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huyo hana malaria wala jini. Kongosho lake halitoi insulini.

Na msidhani kwamba wanaokosea ni wauza duka peke yao. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, na vimelea vya malaria vikakutwa kwa 46 tu katika kila 100. Siku hizi kuna vipimo vya haraka na mambo yamebadilika. Lakini tabia ya kusema "ni malaria" haiondoki kwa waraka. Tone moja la damu ya kidole kwenye mashine ndogo lingemaliza ubishi wa wiki mbili. Mashine nyingi, sukari ikipita kiwango chake, huandika HI. Kijana wetu akiiona atadhani imemsalimia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo.

Insulini ni ufunguo. Bila ufunguo huo sukari inajaa damuni na kubaki mlangoni, huku seli za mwili zinakufa njaa ndani. Mwili unaona njaa, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni vitu viitwavyo ketoni. Ketoni zinaifanya damu kuwa asidi, na ile kuhema kwa nguvu ni mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo kwa pumzi. Wakati huo huo sukari inatoka kwa mkojo na inavuta maji, na maji yanaondoka na chumvichumvi za mwili. Ukiachwa hivyo unakufa. Kabla ya insulini kila mmoja alikufa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa insulini kutibiwa kisukari, na mwaka uliofuata waliogundua njia ya kuipata waliwauzia chuo kikuu chao haki ya ugunduzi kwa dola moja moja, ili isije ikawa mali ya mtu. Zaidi ya miaka 100 imepita. Dawa si siri tena.

Basi kwa nini watu bado wanakufa, tena wakiwa wamekwishafika hospitali? Mwaka 2005 madaktari wa Kenya walitoa hesabu yao kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Wagonjwa waliolazwa na asidi ya ketoni, karibu 3 katika kila 10 walifariki ndani ya saa 48. Kule kwenye nchi tajiri, mtu mzima mwenye hali hiyo hiyo anayekufa ni chini ya mmoja katika 100. Na hiyo Kenyatta si zahanati ya porini, ni hospitali ya rufaa ya nchi, yenye insulini na madaktari bingwa.

Jibu langu ni hili, na ndilo nililokuja kulisema: mgonjwa wa namna hii hatibiwi kwa dawa peke yake, anatibiwa kwa saa. Sisi tunanunua dawa, saa hatununui.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mgonjwa akifika, kinachotangulia ni maji ya chumvi mshipani, lita moja au zaidi katika saa ya kwanza kwa mtu mzima. Halafu inapimwa potasiamu, yale madini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila kiasi chake. Insulini huisukuma potasiamu kutoka damuni kuingia ndani ya seli, kwa hiyo mgonjwa ambaye tayari ipo chini ukimwanzishia insulini kwa pupa unaweza kuusimamisha moyo wake kwa mkono wako. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya wa mwaka 2024 unasema ikiwa chini ya 3.5, iongezwe kwanza, insulini isubiri. Baada ya hapo ndipo insulini inaingia, tone kwa tone, yuniti 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila saa. Kijana wetu akiwa na kilo 60, ni yuniti 6 kwa saa. Na kila saa kidole kinatobolewa. Sukari isiposhuka, kuna kitu kibaya, pengine mpira umepinda au sindano imetoka mshipani. Ikishuka kama jiwe ziwani, hatari nyingine inakuja.

Kisha hapa wengi wanakwama. Sukari ikifika kama 14 hivi, mtu asiyejua anafurahi na kufunga insulini. Kosa! Sukari imeshuka lakini ketoni bado zimo, na kinachozizima ni insulini. Unachotakiwa kufanya ni kuongeza maji ya glukosi upande mmoja huku insulini ikiendelea upande wa pili. Na siku ya kuitoa dripu yenyewe, sindano ya chini ya ngozi inatangulia saa 1 au 2, kwa sababu insulini ya mshipani nguvu yake inaisha kwa dakika chache. Ukichomoa mpira saa 12 asubuhi na sindano ukaikumbuka saa 5, umemrudisha mgonjwa alikotoka.

Umeona? Hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji mtambo wa kutoka anga za juu. Pampu ya kusukuma dawa ni nzuri, na ikiwepo itumike. Lakini mwaka 1973 George Alberti na wenzake huko Uingereza walichapisha kazi yao kuonyesha kuwa dozi ndogo ndogo za insulini kwenye msuli, kila saa, zinamtoa mgonjwa kwenye hali hii, wakati ambapo desturi ilikuwa kumpa dozi kubwa za kutisha. Bomba la sindano, msuli na saa ya ukutani. Alberti huyo huyo ndiye aliyekuja kushirikiana na McLarty kwenye ile hesabu ya vijiji vya Tanzania ya mwaka 1989. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kuwa elimu hii haikutufikia. Ilikuja hadi vijijini kwetu ikatutoboa vidole.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Wodi ina vitanda 40. Zamu ya usiku ina sista mmoja. Wagonjwa 4 wako kwenye insulini ya mshipani. Kila mmoja, kila saa, anahitaji dakika 10: kutoboa kidole, kusoma, kurekebisha mwendo wa dripu, kuandika. Dakika 40 zimekwenda. Zimebaki dakika 20 kwa watu 36, na kati yao mmoja anatapika damu. Ikifika saa 9 usiku, niambieni ni kidole cha nani kitarukwa. Halafu asubuhi anakuja mkubwa mmoja na tai yake kumfokea sista mbele ya wagonjwa kwamba karatasi haikujazwa! Mimi huyo sista simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliopanga zamu kama vile usiku wagonjwa wote wanalala.

Na vile vijikaratasi vya kupimia sukari, vinavyoitwa stripu? Kila saa kimoja, ni 24 kwa siku. Pakiti ya 50 ni siku mbili na kidogo kwa mgonjwa mmoja. Hospitali ikiwa navyo, sawa. Ikiwa havipo, ndugu anatumwa nje akanunue, na ndugu mwenyewe ameacha mtumbwi Kome au shamba la mpunga Magu, nauli ya kurudi hana. Tangu uchangiaji uanze mwaka 1993, sera inasema wenye magonjwa sugu wasioweza kulipa wasamehewe. Msamaha wa kwenye karatasi haufungui duka la dawa saa 9 usiku. Nyuma huko, mwaka 1992, kundi la McLarty liliuliza kwenye kichwa cha makala yao kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika. Walikuta kwamba kumtunza mgonjwa anayehitaji insulini kuligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Swali lao lilikuwa la bei. Miaka imepita, nasi tumeendelea kupanga bei ya chupa ya insulini huku hatupangi kabisa bei ya usiku mmoja wa kuitumia bila kuua.

Maana insulini inaua. Hilo nalo tuliseme bila kung'ata ulimi. Sukari ikishuka mno, ubongo unazimika kama taa ya karabai iliyokwisha mafuta. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa mahututi 6,104, wengi wao wa Australia, New Zealand na Kanada. Nusu yao sukari ilibanwa kwa insulini ya mshipani iwe kati ya 4.5 na 6, nusu nyingine iliachwa isizidi 10. Waliobanwa walikufa zaidi: 27.5 katika kila 100, wenzao 24.9. Hizo ni wodi zenye nesi mmoja kwa kitanda kimoja na mashine zinazolia kila kitu kikienda mrama. Ndiyo maana leo kwa mgonjwa mahututi tunaambiwa tulenge kati ya 8 na 10 hivi, tusitafute sifa. Sasa kama kule yalitokea hayo, dripu ya insulini inayoachwa peke yake usiku na karatasi ya jana ni kitu gani kama si kisu kilichosahauliwa kitandani?

Hapo ndipo nawageukia ninyi, vijana wenzangu mnaoshika kalamu.

Wodini usiku kuna mtu mmoja ambaye hajalala. Ni dada wa mgonjwa, au mama yake mdogo, amejikunja chini ya kitanda au yuko barazani na kanga yake. Yeye ndiye anayemjua mgonjwa anavyoongea akiwa mzima. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona jasho jembamba, mikono inayotetemeka, maneno ya ovyo ovyo, usingizi wa ghafla. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni dalili za sukari kushuka. Ataona kaka yake ametulia, atamfunika shuka vizuri na kumshukuru Mungu kwamba amepata usingizi.

Na ile karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda imeandikwa Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho ambacho hata Mwingereza atakwama. Iko pale saa 24, mbele ya macho ya mtu aliyemaliza darasa la saba na anayesoma Kiswahili vizuri tu, na haimwambii kitu. Nchi hii ilijisifu duniani kwa kufuta ujinga wa watu wazima. Tuliwafundisha kusoma wakasome nini, matangazo ya bia?

Utasikia hoja ya kwanza: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Jamani, hoja hii imezeeka. TUKI walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kongosho ni neno letu, mshipa ni neno letu, figo na ini ni maneno yetu. Insulini, potasiamu na ketoni tumeyakopa kama tulivyokopa redio na baiskeli, na hakuna aliyewahi kuanguka baiskeli kwa sababu jina lake limekopwa.

Hoja ya pili: ndugu wa wagonjwa hawajasoma, watavuruga. Nani hajasoma? Mwanamke wa Mwaloni anayekumbuka madeni ya dagaa ya watu 30 bila daftari? Mvuvi wa Ukerewe anayejua usiku upi hauna mbalamwezi na saa ngapi taa iwashwe dagaa waje juu? Kanda hii inaishi kwa kukesha. Watu wetu wanakesha majini kwa ajili ya samaki, washindwe kukesha kwa ajili ya ndugu? Na sisemi ndugu awe nesi. Asiguse dripu, asiongeze wala asipunguze. Kazi yake ni moja, kuona na kuita.

Hoja ya tatu ni ya visiwani: kule hakuna friji, hakuna daktari bingwa, tusijisumbue. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotokana na joto halisi la kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Insulini iliyofunguliwa ilikaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 bila kupoteza nguvu zake. Kwa hiyo friji isiwe kisingizio cha mtu kukosa sindano kabisa. Na daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko akiwa na mgonjwa anayehema. Lakini Ukara, Ukerewe na Kome bado ni maji. Mgonjwa wa huko asipopimwa sukari na kuanzishiwa maji ya mshipani kabla ya safari, dawa zote za mjini zitamkuta amechelewa.

Basi waandishi tufanye nini? Tumekaa tunagombania mashairi ya vina na mashairi huru, kila toleo hadithi tatu za msichana aliyemwacha mvulana Capri Point. Sawa, mapenzi nayo yana wenyewe. Ila nawaomba kitu kidogo. Andikeni karatasi ya pili, ya kuning'inia pembeni ya ile ya Kiingereza. Iandikwe kwa Kiswahili cha mtu kumwambia mtu, na madaktari na masista waipitie kabla haijapachikwa. Mimi naanza, ninyi mtanikosoa:

Ndugu wa mgonjwa, mgonjwa wako yuko kwenye insulini ya mshipani.

Kila saa kidole chake kitatobolewa. Saa ikipita hajapimwa, mkumbushe sista kwa heshima. Hutagombezwa.

Ukimwona anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anaongea ovyo au haamki ukimwita, ita mtu hapo hapo. Usisubiri kukuche.

Chupa ikikaribia kuisha, au mkono ukivimba pale sindano ilipoingia, ita.

Usifunge wala usifungue dripu mwenyewe.

Usimpe chakula, soda wala dawa ya kienyeji bila kuuliza.

Sukari ikishuka na insulini ikaendelea, usishangae. Ndivyo inavyotakiwa. Uliza ukitaka kuelezwa.

Siku ya kutolewa dripu, uliza: sindano ya chini ya ngozi ameshachomwa?

Maneno hayo hayafiki ukurasa mmoja wa daftari. Yatafsiriwe Kisukuma, Kikerewe, Kijita, yasomwe kwa sauti kwa bibi asiyejua kusoma. Hayana vina wala mizani, na hayatashinda tuzo yoyote. Lakini kama mna kipaji cha kuchagua neno, hapa neno linachaguliwa kwa roho ya mtu. Ukiandika "mtu akipata hali isiyo ya kawaida", umeandika upuuzi. Ukiandika "jasho la baridi", dada aliyejikunja barazani atashtuka.

Na ninyi wazito wenye mafungu, msije mkajificha nyuma ya karatasi yangu mkasema sasa ndugu watafanya kazi ya serikali. Hapana! Karatasi haipimi potasiamu. Nataka maabara inayofanya kazi saa 9 usiku kama inavyofanya saa 3 asubuhi. Nataka stripu zihesabiwe kuwa sehemu ya insulini, chupa moja na pakiti zake, kama risasi na bunduki. Nataka masista wawili pale mnapoweka mmoja, na huyo wa pili msimtoe kwenye zamu ya mchana. Nataka kila zahanati ya pwani ya ziwa hili iwe na mashine ya kupima sukari, na mtu yeyote anayetapika na kuhema atobolewe kidole kabla hajaandikiwa dawa ya malaria. Mkishindwa yote, basi msizindue jengo jipya la wodi kwa ngoma na utepe. Mtakuwa mnaongeza vitanda vya watu kufa usiku.

Usiku wa leo yupo mtu kwenye dripu ya insulini mahali fulani kando ya ziwa hili. Saa 8 itapita, saa 9 itapita, saa 10 itapita. Kila moja ina kidole chake cha kutobolewa. Nani anazihesabu?